Koh Lanta kwa gari la kukodi: mbinu za wawili wasio na haraka

Lanta Yai, kisiwa cha kusini mwa Thailand katika mkoa wa Krabi, kina urefu wa kilomita 30 hivi. Upana wake ni kama kilomita sita tu. Ukitaka kukizunguka chote kwa gari, utakimaliza kabla ya chakula cha mchana. Usifanye hivyo. Gari hapa ni la kusimama: popote, saa yoyote, wewe na mwenzako mkiwa hamjalowa mvua wala kuungua jua. Ukilielewa hilo, mengine ni maandalizi.

Anza na msimu. Panga safari kati ya Novemba na Aprili. Ni kipindi kilekile cha kaskazi huku kwetu, na upande huu wa Bahari ya Andaman kaskazi huleta ukavu na bahari tulivu. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hunyesha kwelikweli, mawimbi huwa makubwa na hoteli nyingi hufunga. Bei hushuka, ni kweli. Lakini kama ni mara yenu ya kwanza, msijiingize kwenye milima yenye utelezi kwa sababu ya punguzo. Epuka pia Krismasi na mwaka mpya: ndipo foleni na bei hupanda kwa pamoja.

Makaratasi kwanza

Ukitokea Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, Thailand inakudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla hujafika. Ukishuka Bangkok, pitia dawati la afya kwanza, ndipo uende foleni ya uhamiaji. Wanaoruka hatua hiyo hurudishwa nyuma wakishafika mbele ya afisa, tena baada ya kusimama muda mrefu.

Tangu Mei 2025 kuna pia kadi ya kidijitali ya kuwasili, inayoitwa TDAC. Ijaze mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti ikikuomba pesa kwa ajili ya kadi hiyo, si ya serikali, ifunge.

Chukua kibali cha kimataifa cha udereva kabla hujaondoka nyumbani. Kenya kinatolewa na AA. Kwingine ulizia chama cha magari cha nchi yako. Huwezi kukipata ukishatua. Bila hicho, polisi atakutoza faini, na hiyo ndiyo shida ndogo. Shida kubwa ni siku ya ajali, pale bima itakaposema hukuwa na haki ya kuendesha.

Mchukue vibali viwili, si kimoja. Hata kama mwenzako hapendi kuendesha, siku moja utaumwa tumbo au utakunywa bia mbili, na gari litakuwa mlangoni mwa hoteli bila dereva.

Ukodi wapi

Njia ni mbili. Ya kwanza: kodi uwanja wa ndege wa Krabi uendeshe mwenyewe hadi kisiwani. Ya pili: panda minivan kutoka uwanjani, kisha kodi gari ukishafika Saladan, mji mdogo wa kaskazini mwa kisiwa. Mkikaa wiki au zaidi, uwanjani kunalipa, maana magari ni mengi na mnaweza kuzunguka bara pia. Mkikaa siku chache, nendeni na minivan. Kumbuka kisiwani magari si mengi, kwa hiyo agiza mapema.

Ukiunganisha ndege Bangkok, angalia unaondokea uwanja gani. Jiji lina viwanja viwili, Suvarnabhumi na Don Mueang, na viko mbalimbali. Tiketi yenye dakika 90 za kubadilisha uwanja si tiketi, ni kamari.

Kutoka Krabi hadi kisiwani jipe saa mbili hadi mbili na nusu. Unashika barabara kuu namba 4, unachepuka kwenye 4206, unafika kwenye gati la Hua Hin. Hapo gari linaingia kwenye kivuko, unavuka hadi Lanta Noi, kisiwa jirani. Ukishatoka, endesha moja kwa moja hadi daraja la Siri Lanta, lililofunguliwa 2016. Zamani hapo palikuwa na kivuko cha pili. Sasa unapita juu ya mkondo, mikoko pande zote, na dakika chache baadaye uko Saladan.

Kabla ya kusaini, uliza swali hili: "Mkataba unaruhusu gari kupanda kivuko?" Baadhi ya makampuni hukataa. Mengine hukubali kwa malipo ya ziada. Jibu liandikwe kwenye karatasi.

Chagua gari dogo la otomatiki. Barabara kuu ya magharibi ni ya lami, na maegesho ya ufukweni ni ya kubana. Gari kubwa la magurudumu manne litakula mafuta na kukukwaza kila unapogeuza. Kwa kawaida gari dogo hukodishwa kwa baht 1,000 hadi 1,500 kwa siku, likipanda zaidi wakati wa sikukuu.

Mkataba usomwe umesimama, si umekaa

Nina maana hii: usiusome ofisini kwenye kiti huku funguo ziko mezani na unatabasamiwa. Toka nao nje, simama kando ya gari, linganisha karatasi na chuma.

Kwanza bima. Kila gari Thailand lina bima ya lazima, wanaiita Por Ror Bor. Hiyo hulipia watu walioumia. Bodi la gari hailigusi. Unachotaka wewe ni bima kubwa, kwa lugha yao daraja la kwanza. Uliza jina hilo. Halafu uliza kiasi utakachotoa mfukoni mwako likitokea la kutokea, kabla bima haijaanza kulipa. Kama kiasi hicho kinakukosesha usingizi, ongeza pesa kidogo kwa siku kukipunguza, au tafuta kampuni nyingine.

Pili, tarehe ya bima. Thailand huhesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha. Ukiona mwaka 2569, usishtuke. Toa 543, unapata 2026. Fanya hesabu hiyo pale pale, maana bima iliyoisha mwezi uliopita inafanana kabisa na iliyo hai usipojua kuisoma.

Tatu, pasipoti. Usiiache. Toa nakala, acha amana ya pesa taslimu au kadi ya benki. Anayeng'ang'ania pasipoti halisi, muage kwa heshima. Siku ya mgogoro, aliyeshika pasipoti yako ndiye anayepanga bei ya mkwaruzo.

Nne, piga video. Zunguka gari polepole na simu. Usiishie kwenye milango. Chuchumaa upige ukingo wa chini wa bampa ya mbele, ule unaokwaruzwa na matuta. Piga rimu zote nne, maana ndizo hugombaniwa wakati wa kurudisha. Piga kioo cha mbele kwa karibu, utafute alama za kokoto. Washa gari, piga geji ya mafuta na kilomita. Fungua buti, hakikisha tairi la akiba lina upepo na jeki ipo. Mwenzako aongee kwenye video ataje tarehe. Dakika tano, basi.

Majina yenu yote mawili yaandikwe kama madereva. Jina lisiloandikwa halina bima.

Barabarani

Thailand wanaendesha kushoto, usukani uko kulia. Mkenya, Mtanzania na Mganda wako nyumbani. Ukiwa umezoea kulia, kama Kigali, Bujumbura au Kongo, siku ya kwanza mpe mwenzako kazi moja: aseme "kushoto" kila mnapotoka kwenye maegesho. Huko ndiko watu hujisahau. Kwenye barabara yenye magari unafuata wenzako tu.

Taa kubwa zina maana tofauti. Huku kwetu dereva akikumulika anaweza kuwa anakupisha, au anakuambia kuna trafiki mbele. Kule, anayekumulika anasema: ninapita mimi, kaa hapo hapo. Usiingie.

Pikipiki ndio wenye barabara. Utakutana na zenye kitoroli pembeni kilichojaa watoto, mitungi ya gesi au sahani za chakula, zikienda taratibu kando ya lami. Utakutana pia na watalii waliopanda skuta kwa mara ya kwanza maishani, kifua wazi. Hao ndio wa kuogopwa. Wape nafasi ya mita nzima na zaidi unapowapita, na usiwapite kwenye kona. Shirika la Afya Duniani limeiweka Thailand miongoni mwa nchi zenye vifo vingi vya barabarani barani Asia, na wengi wanaokufa ni wa pikipiki. Ndiyo sababu mimi nakwambia gari, hata kama skuta ni nafuu mara nne.

Kusini mwa ghuba ya Kantiang barabara inakuwa ya milima, kupanda na kushuka kwa kasi, kona juu ya kona. Ukishuka, weka gia ya chini: kwenye otomatiki imeandikwa L, B au 2. Acha injini ishike gari, usikalie breki. Ukisikia harufu ya kuungua, simama sehemu pana, mpumzike, mtazame bahari.

Mafuta jaza kaskazini, karibu na Saladan, kabla ya kwenda kusini. Mwambie mhudumu "tem tang", atajaza tangi. Hakikisha kwanza kifuniko cha tangi kinasema gesoholi au dizeli, na namba gani. Zile chupa za petroli zinazouzwa kando ya barabara ni za pikipiki. Waachie.

Usisimame penye ukingo wa barabara uliopakwa nyekundu na nyeupe. Na usiegeshe chini ya mnazi. Hili mtu wa pwani halihitaji maelezo, lakini likizo huwasahaulisha watu hata mambo ya kwao.

Pombe: kikomo ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu. Kwa lugha nyepesi, anayeendesha asinywe. Mkitaka kunywa wote wawili machweo, chagueni baa iliyo karibu, mrudi kwa miguu.

Hifadhi namba tatu kwenye simu zote mbili. 1155 ni polisi wa watalii, wanaongea Kiingereza. 1669 ni gari la wagonjwa. Ya tatu ni ya kampuni ya bima, mara nyingi imebandikwa kwenye kioo cha mbele, ipige picha. Ikitokea ajali, piga bima kabla hujakubali chochote. Wao hutuma mtu wao aje pale pale. Usisaini karatasi ya Kithai usiyoielewa.

Mkae wapi, mwende wapi

Kaa sehemu moja muda wote. Kuhamahama hoteli kwenye kisiwa cha kilomita 30 ni kujitesa. Mimi napendekeza Khlong Nin, katikati ya pwani ya magharibi. Hapo ndipo barabara inapogawanyika: moja inaendelea kusini, nyingine inakata mlima kwenda mashariki. Kila kitu kinakuwa nusu saa au pungufu.

Kanuni ni hii: mashariki asubuhi, magharibi jioni. Jua litakupangia ratiba. Na kila siku muwe na kituo kimoja kikubwa tu, kingine chochote kiwe nyongeza.

Fukwe zote nzuri ziko magharibi, lakini angalia maji kabla hujakunja kona. Maji yakipwa, Khlong Khong hutokeza miamba na huwezi kuogelea. Khlong Dao ni tambarare ya mchanga, nzuri kwa asiyejua kuogelea vizuri. Phra Ae, wengi wanaiita Long Beach, ni ndefu na ina nafasi ya kila mtu. Kantiang ndiyo ninayoipenda: ghuba iliyojikunja, mchanga safi, kijiji mgongoni. Bamvua kule hushusha maji sana, kwa hiyo pakua programu ya jedwali la maji na uifungue wakati wa chai.

Siku ya kusini, toka mapema. Barabara inaishia kwenye Hifadhi ya Taifa ya Mu Ko Lanta, iliyotangazwa 1990. Mgeni mtu mzima hulipa baht 200 kuingia. Ndani kuna mnara wa taa mweupe kwenye rasi, ufukwe mmoja wa mchanga, mwingine wa mawe, na njia ya kutembea msituni. Panda kwenye mnara kabla jua halijawa kali. Kuhusu tumbili: funga vioo vyote vya gari, hata kile cha nyuma, na usibebe mfuko wa plastiki mkononi. Wanajua sauti ya plastiki. Wakikunyang'anya, waachie, usivutane nao. Kung'atwa kunakupeleka hospitali kwa sindano.

Siku ya mashariki ndiyo ya kupoteza muda kwa makusudi. Mji Mkongwe wa Lanta, Ban Si Raya, ulikuwa bandari ya wafanyabiashara wa Kichina waliopita kati ya Phuket, Penang na Singapore. Ni mtaa mmoja. Nyumba za mbao zimepangana, mbele nyembamba kama duka la kawaida. Ingia ndani, endelea kutembea, na nyumba haiishi: chumba, kisha uwazi, kisha jiko, kisha baraza juu ya nguzo na bahari chini ya mbao. Agizeni chakula huko nyuma, si mbele. Ukikaa, chungulia kwenye nyufa za sakafu. Maji yakiwa yamejaa utaona samaki.

Egesha mwanzoni mwa mtaa, utembee. Kujaribu kupita na gari katikati ya Mji Mkongwe ni kutafuta ugomvi na mwenzako anayekuelekeza kugeuza.

Mbele zaidi kusini mashariki ni Sang Ga U, kijiji cha Urak Lawoi, watu wa bahari waliokuwa kisiwani kabla ya wengine. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa sita na wa 11 wa kalenda ya mwandamo, huachia mashua ndogo ielee baharini ili ibebe mabaya ya jamii. Mkienda, nunueni kitu, salimieni, ombeni ruhusa kabla ya picha. Watu hawajakaa hapo kwa ajili ya kamera zenu. Mkiona watu hawajachangamka, geuzeni gari mwende.

Kula na kuishi na wenyeji

Wakazi wengi wa Lanta ni Waislamu. Mtasikia adhana, mtaona misikiti kila mahali, na chakula halali hakitafutwi, kipo. "Asalaam aleikum" itakufungulia tabasamu ambalo mtalii mwingine halipati. Ufukweni vaa utakavyo. Ukipita kijijini au sokoni, jistirini wote wawili, na mambo ya kukumbatiana yabaki hotelini. Viatu nje unapoingia nyumbani mwa mtu, na dukani pia ukiona vingine mlangoni.

Khao mok gai, wali wa manjano na kuku, ukiuonja utajua ni biriani iliyosafiri. Asubuhi tafuta kibanda cha roti. Utamwona muuzaji akichukua donge lililolala kwenye mafuta, akilipiga mezani, akilirusha hadi linakuwa kitambaa unachoweza kuona mkono upande wa pili. Analitandaza kwenye kaango pana, anakatia ndizi, anakunja pembe nne, anamwagia maziwa mazito. Chapati yetu ina adabu zaidi. Hii ina raha. Agizeni moja, mgawane, kisha mtaagiza ya pili.

Tembea na pesa taslimu. Vibanda havichukui kadi, na mashine za kusini ni chache. Kila unapotoa pesa kwa kadi ya kigeni, benki ya Thailand inakukata zaidi ya baht 200, kwa hiyo toa nyingi kwa mkupuo mmoja, mgawane mfukoni.

Nunua laini ya simu uwanja wa ndege, na pakua ramani ya kisiwa itumike bila mtandao. Kusini milima hukata mawasiliano. Ukiwa huko utaona pia mabango ya bluu yenye mawimbi, yanayoonyesha njia ya kukimbilia tsunami. Yapo tangu msiba wa Desemba 26, 2004. Angalia lile lililo karibu na hoteli yenu, ujue njia ya kupanda ni ipi, kisha endelea na likizo.

Jambo la wawili wenyewe: anayeendesha haangalii simu, anayeangalia simu halalamiki juu ya uendeshaji. Kila siku kila mmoja achague kituo kimoja, na mwingine asikipinge. Mkikosa njia, hamjapotea. Kisiwa ni chembamba, mtakutana na bahari upande wowote.

Siku ya kurudisha gari, jaza tangi, piga video nyingine, na muondoke mapema. Kutoka Saladan hadi uwanja wa ndege wa Krabi jipeni saa tatu kabla ya muda wa kujisajili. Kivuko kikijaa mbele yenu, mtasubiri kinachofuata.